Mapinduzi ya 1800 ni nini?

Katika historia ya Marekani, "Mapinduzi ya 1800" si wanajeshi wala bunduki. Ni uchaguzi wa urais. Aliyeuita hivyo ni mshindi wake, Thomas Jefferson, katika barua ya mwaka 1819: kwake yalikuwa mapinduzi ya kweli kama yale ya uhuru ya 1776, ila hayakuletwa na upanga, yaliletwa na kura za wananchi.

Rais aliyekuwa madarakani, John Adams wa chama cha Federalist, alipata kura 65 za wajumbe maalumu wa majimbo wanaomchagua rais, akashindwa. Kizaazaa kikazuka kwa washindi wenyewe. Wakati ule kila mjumbe alipiga kura mbili bila kutaja ipi ya rais na ipi ya makamu. Ilitakiwa angalau mjumbe mmoja amnyime kura mgombea mwenza, Aaron Burr, ili abaki wa pili. Hakuna aliyemnyima. Jefferson 73, Burr 73.

Shauri likaenda Baraza la Wawakilishi, sehemu ya Bunge la Marekani: majimbo 16, kila jimbo kura moja, na mshindi sharti apate 9. Jefferson alipata 8, Burr 6, huku wawakilishi wa Vermont na Maryland wakigawanyika nusu kwa nusu. Wakarudia, wakarudia tena, kuanzia Februari 11, 1801. Joseph Nicholson wa Maryland alikuwa mgonjwa hoi. Alibebwa kwenye theluji, akalazwa chumba cha pembeni, na kila duru akaandika kura yake akiwa kitandani. Asingefika, Maryland ingemwangukia Burr. Mtu mmoja mwenye homa!

Februari 17, katika duru ya 36, Federalist kadhaa, akiwemo James Bayard, mwakilishi pekee wa Delaware, waliacha kumpigia Burr. Jefferson akafikisha majimbo 10. Mwaka 1804 Marekebisho ya 12 ya Katiba yakatenganisha kura ya rais na ya makamu.

Alfajiri ya Machi 4, saa chache kabla ya Jefferson kuapishwa, Adams alipanda gari la farasi akaondoka Washington. Hakuhudhuria sherehe, na wengi humlaumu kwa hilo. Mimi naona zito zaidi ni kwamba aliondoka. Ilikuwa mara ya kwanza urais wa nchi ile kutoka chama kimoja kwenda kwa mahasimu wake, na hakuna damu iliyomwagika.

Hata hivyo, hilo neno "wananchi" la Jefferson lisipite hivi hivi. Katiba iliruhusu majimbo ya kusini kuhesabu watumwa, kila watano kama watu watatu, katika kugawiwa wajumbe, ilhali watumwa hao hawakuwa na kura. Wanahistoria wengi wamepiga hesabu wakaona kwamba bila nyongeza hiyo Adams angeshinda. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1868, kwa Marekebisho ya 14, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.