Maporomoko ya Lugard hayakugunduliwa na Lugard

Wageni ninaowatoa Malindi kwenda mbuga ya Tsavo Mashariki kwa geti la Sala huja na maneno yaleyale, utadhani wamesoma darasa moja: maporomoko haya yaligunduliwa na Mzungu Lugard, na kabla yake hapakuwa na watu. Nimechoka kuyasikia. Atakayepanda gari langu tena naomba aje ameshasoma haya.

Frederick Lugard alipita bonde la Sabaki, mto wenye maporomoko haya, mwaka 1890, akiitumikia kampuni ya Kiingereza ya IBEA iliyotaka njia ya kwenda bara. Aliufuata mto kwa sababu kila msafiri wa nyika hii aliufuata. Ukiuacha hupati maji. Waata, ambao wengi huku pwani huwaita Wasanye au Waliangulu, walikuwa wakiwinda ndovu kandokando yake zamani sana, kwa upinde mrefu na mshale wa sumu ya mti, iliyochemshwa mpaka ikawa nzito na nyeusi kama lami. Pembe zilipita mikononi mwa Wagiriama zikashuka mpaka bandari zetu za pwani. Waorma nao walinywesha ng'ombe papo hapo. Sasa mtu "agundue" nini mahali ambapo biashara imeshakomaa?

"Mbona basi pori ni tupu?" Lilifanywa tupu. Mbuga ilianzishwa mwaka 1948, uwindaji wa Waata ukageuzwa uhalifu, na katika miaka ya 1950 wengi wao walifungwa jela. Mgeni anayesimama pale akasema hapajawahi kukaa mtu ananiumiza kweli, maana wajukuu wa watu hao wako hapahapa Kilifi na Tana River.

Wala historia haikuishia mbugani. Ukiteremka na mto huohuo unafika nchi ya Wagiriama, ambao serikali ya Waingereza iliwaamuru waondoke ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, walikokuwa na mashamba yao mazuri. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, alikuwa ameshakamatwa mwaka 1913 na kupelekwa Kisii, akatoroka na kurudi. Agosti 1914 Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, ikalipuliwa kwa baruti na vita vikaanza. Mimi humwambia kila mgeni: kabla ya kwenda kwa Lugard, pita kwanza kwenye sanamu ya Mekatilili hapa mjini.

Mengine ni mafupi.

"Galana na Sabaki ni mito miwili." Ni mmoja. Athi na Tsavo zikikutana unaitwa Galana, ukikaribia bahari unaitwa Sabaki.

"Ni maji marefu yanayoanguka, tutaoga chini yake." Hapana. Mto mpana unabanwa kwenye ufa mwembamba wa mwamba na kupita kwa kishindo. Uzuri uko kwenye jiwe lenyewe: mistari ya kijivu, nyeupe na waridi, na mashimo ya mviringo yaliyochimbwa na mchanga na kokoto zikizungushwa na maji. Tia mkono ndani ya lile lililokauka, utakuta kokoto zake bado zimo. Kuoga sahau kabisa, chini kidogo tu ni makao ya mamba. Wala usijaribu kuruka ule ufa kwa ajili ya picha. Mwamba umelainika, nami simruhusu mtu kushuka na patipati.

"Twende mvua ikinyesha sana." Mto ukijaa, mwamba wote unafunikwa, utaona maji ya kahawia tu. Nenda Februari au Septemba, asubuhi, kabla jiwe halijaanza kuchoma.

"Bahari ya Malindi inachafuka kwa taka za mahoteli." Ule wekundu wa maji ni udongo wa mashamba ya bara, unaoletwa na Sabaki. Kaskazi ikivuma unasukumwa huku kwetu, kusi ikiingia unapanda kaskazini, Mambrui. Wavuvi wote wanalijua hilo, waulize.