Je, wajua kwa nini amplifaya ya zamani hupiga kishindo ikiwashwa?

Unabonyeza swichi, taa ya mbele inawaka, na kabla hujagusa kitu kingine spika zote mbili zinapiga "dum!" mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Mzee mmoja aliniletea amplifaya yenye tabia hiyo, mashine ya miaka ya 1970 yenye mbao ubavuni na vifundo vizito vya chuma. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia: "Mwanangu, zamani ukiiwasha inakaa kimya kidogo, inalia 'tik' kwa ndani, ndipo muziki unaanza. Siku hizi inapiga kama mlango uliobamizwa. Na imeanza ilipotoka kwa fundi."

Karibu jibu lote lilikuwa ndani ya maneno hayo. Lakini tuanze na kishindo chenyewe.

Ndani ya spika kuna koili ya waya mwembamba iliyogandishwa kwenye koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika, na kukaa katikati ya sumaku. Umeme wa muziki huenda na kurudi, nayo koni husukumwa mbele na kuvutwa nyuma mara nyingi kwa sekunde. Umeme wa betri haurudi. Chukua betri ya volti 1.5, gusisha nyaya zake kwenye spika kubwa: koni itaruka upande mmoja, itatoa "tup", kisha itabaki imesogea hapo mpaka uondoe waya. Kishindo cha kuwashia ni "tup" hiyohiyo, ila yenye volti nyingi zaidi. Kwa hiyo anayetafuta chanzo chake anauliza swali moja tu: umeme wa namna ya betri umepitia wapi mpaka ukaifikia spika?

Ziko mashine zilizoumbwa hivyo. Amplifaya nyingi za transista, yaani vipande vidogo vinavyokuza umeme wa sauti, za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 zilitumia umeme wa upande mmoja, yaani chanya tu au hasi tu. Mfano mzuri ni Quad 303 ya Uingereza, iliyotengenezwa kuanzia 1967 hadi 1985. Umeme wake wa ndani ni volti 67, na pale sauti inapotokea hukaa katikati, kama volti 33 na nusu. Volti hizo zikiachwa ziingie kwenye spika zitaiunguza, ndiyo maana njiani pamewekwa kapasita, kipande kinachohifadhi chaji, kubwa ya maikrofaradi 2000. Kapasita hupitisha muziki na kuzuia umeme wa betri, lakini sharti ijae kwanza, na katika mpangilio wa namna hii hujaa kwa kupitia spika. Kwa spika ya omu 8, kama volti zote zingekuja kwa mpigo, theluthi mbili hivi ya kujaa ingekamilika ndani ya sekunde 0.016. Koni lazima iruke. Hapo kishindo cha wastani si ugonjwa. Ila fundi akitoa kapasita ya 2000 akaweka ya 4700 kwa kudhani kubwa ndiyo bora, ameongeza umeme unaopita kwenye koili kila mashine inapowashwa, na mwenye mashine ataambiwa "za zamani ndivyo zilivyo".

Mashine ya mzee haikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa ya ule mtindo ulioenea miaka ya 1970: umeme wa pande mbili, tuseme volti 40 chanya na 40 hasi, na sauti inatokea kwenye sifuri katikati. Kapasita kubwa ya njiani haihitajiki tena. Lakini sifuri hiyo haipatikani papo hapo. Sekunde ya kwanza upande mmoja hupanda kuliko mwenzake, transista bado zinatafuta mizani, na volti kadhaa hutokea pasipotakiwa. Ndipo ikawekwa relei, yaani swichi inayovutwa na sumaku, kati ya amplifaya na spika. Inasubiri sekunde 3 hadi 5 hivi kila kitu kitulie, kisha inaunganisha. Ile "tik" ya mzee ni yenyewe.

Nikafungua kifuniko. Relei ilikuwepo, plastiki yake imeshageuka njano. Nilipogeuza bodi nikaona vipande viwili vya waya mwekundu vimechomelewa risasi, kutoka mguu mmoja wa relei hadi mwingine. Umeme ulikuwa unairuka. Bila shaka ndimi za relei, pale inapogusana kuunganisha, zilikuwa zimeota weusi, sauti ya upande mmoja ikawa inakatikakatika, na waya ukaonekana dawa ya haraka. Kweli sauti ilirudi. Lakini amplifaya ilipoteza mlinzi wake: siku transista ya mwisho, ile inayosukuma spika, itakaposhoti, volti 40 zitaingia moja kwa moja kwenye koili ya omu 8, nazo ni wati 200 za joto tupu. Spika itaungua. Mafundi wenzangu, nawasihi tusifanye hivi. Relei mpya, yenye volti zilezile zilizoandikwa juu ya ile ya zamani, haikaribii bei ya spika hata kidogo.

Na kama relei ipo, inafanya kazi, na kishindo bado kipo? Hesabu kwa saa tangu unapobonyeza swichi. Muda wa kusubiri hupimwa na kapasita ndogo inayojaa polepole. Katika mashine nyingi za Japani kazi hiyo hufanywa na chipu ya NEC inayoitwa uPC1237, yenye miguu 8, na kapasita ya muda iko kwenye mguu wa 7. Kapasita ikikauka kwa uzee, au ikibadilishwa kwa ndogo kuliko ya mwanzo, hujaa upesi, na relei huunganisha kabla mambo hayajatulia. Chipu hiyohiyo huchungulia umeme wa transfoma kwa mguu wa 4 ili relei iachie mara tu unapozima. Kishindo kikija wakati wa kuzima, anzia hapo.

Kisha mita. Chomoa spika, washa, pima volti za DC, yaani za umeme wa namna ya betri, kati ya tundu chanya na hasi la spika la kila upande. Chini ya milivolti 50 hakuna shida. Ukiona mamia ya milivolti, kila relei inapounganisha koni itapigwa. Upande mmoja ukiwa mbaya na mwingine mzuri, tazama jozi ya transista za mwanzo kabisa za upande huo. Zinatakiwa kufanana kama mapacha. Fundi akibadilisha moja tu, mizani inapotea. Na kama mdundo unakua au kupungua unapozungusha kifundo cha sauti, achana na hatua ya mwisho, tatizo liko kabla ya kifundo hicho, upande muziki unakoingilia, mara nyingi ni kapasita inayovuja.

Kabla ya kuwasha mashine uliyoitengeneza, ipitishie umeme kwenye balbu ya wati 60 ya kizamani, ile yenye waya unaowaka. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka sana, zima, pana shoti. Na zile kapasita kubwa za umeme hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Zimwage kwa rizista, kipande kinachobana umeme, na uhakikishe kwa mita kabla hujatia mkono.

Kwa mzee niliondoa nyaya, nikaweka relei, na mita ikasoma milivolti 12 kushoto. Kulia ilisoma 140. Transista moja ya jozi ya kulia ilikuwa mpya, inang'aa kando ya mwenzake aliyechakaa. Nikatoa zote mbili, nikapima kadhaa za pakiti moja mpaka nikapata mbili zinazolingana. Ikashuka hadi 21. Nikawasha. Sekunde ya nne, tik, na koni hazikusogea. Mzee akavuta kiti karibu na spika, akainamisha sikio, akaniomba niizime na kuiwasha tena.