Shokapu za kurekebishwa: yanayosemwa gereji na yanayotokea barabarani

Baadhi ya magari yaliyotumika yanayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani yanakuja na shokapu ambazo si za kiwandani. Unanunua Altezza, Mark X au Subaru Impreza, unafungua boneti, na pale juu shokapu inapofungwa unakuta kinobu kidogo kinachozunguka kwa hatua, kliki kwa kliki, cha kuifanya shokapu iwe ngumu au laini. Mwenye gari anakigeuza siku hiyohiyo. Fundi ana neno lake, jirani naye ana lake, na mengi ya maneno hayo si sahihi. Nayaandika hapa kwa sababu kinobu kikigeuzwa vibaya gari linapoteza mshiko wa barabara, wala dereva hajui kwa nini.

Dhana: Ukikaza shokapu, gari linainuka na kubeba mzigo vizuri

Uzito wa gari unabebwa na springi. Shokapu inachelewesha tu mwendo wa springi hiyo: mafuta yanasukumwa kupita kwenye vitundu vyembamba vya pistoni, na nguvu ya mtikisiko inageuka joto. Ukigeuza kinobu unabana au unapanua njia ya mafuta, basi. Gari linalokaa chini nyuma likipakia watu watano lina springi zilizochoka au zisizofaa, na hakuna kliki itakayoliinua. Kwenye koilova, yaani shokapu na springi zilizofungwa pamoja kama kitu kimoja, urefu unabadilishwa kwa zile ringi zenye uzi zilizo kwenye mwili wa shokapu. Hapo alaimenti, yaani pembe za magurudumu, lazima ipimwe upya. Kugeuza kinobu peke yake hakugusi alaimenti.

Dhana: Kadiri inavyokuwa ngumu ndivyo gari linavyoshika barabara

Hii ndiyo inayoumiza wengi, na ndiyo ningependa kila mwenye shokapu hizi aielewe kuliko zote.

Tairi inashika barabara pale tu inapoikandamiza. Kwenye lami laini ya uwanja wa mashindano, ugumu una faida. Kwenye barabara yenye viraka, mashimo na matuta, tairi inatakiwa kupanda na kushuka haraka ikifuata uso wa barabara. Ukiinyima nafasi hiyo inarukaruka, na tairi iliyo hewani haifungi breki wala haikati kona.

Tena shokapu ina kazi mbili: kupunguza kasi springi inapobonyea, na kupunguza kasi inapojinyoosha. Shokapu nyingi za barabarani zenye kinobu kimoja zinabadilisha zaidi huko kujinyoosha. Koni Sport, zile za njano, zinabadilisha kujinyoosha tu. KYB AGX zilikuwa zinabadilisha vyote viwili kwa pamoja. KW Variant 3 ina marekebisho mawili, kila kazi na lake.

Sasa pita kwenye rasta, yale matuta madogo yaliyopangwa mfululizo kabla ya kivuko cha watembea kwa miguu, ukiwa umekaza hadi mwisho. Tuta la kwanza linabonyeza springi. Kabla haijajinyoosha, kwa kuwa shokapu inaishikilia, la pili limeshafika, kisha la tatu. Gari linazama kidogokidogo hadi linakaa juu ya mipira ya kikomo, ile inayozuia springi isibonyee kupita kiasi, na hapo unasikia mgongo unapigwa. Dereva analaumu springi, anaanza kutafuta nyingine, kumbe dawa ni kulegeza kliki chache. Barabara ya vumbi yenye mawimbi inafanya vilevile, ila huko gari linateleza mkia pia.

Dhana: Shokapu ngumu inazuia gari kulala kwenye kona

Inachelewesha kulala, haizuii. Kwenye kona ndefu, gari likishatulia, kiasi lilicholala kimeamuliwa na springi, stabilaiza (ile fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia) na urefu wa gari. Shokapu unaisikia wakati wa kuingia, wakati wa kutoka, na kwenye kona za kupokezana kushoto na kulia kama zile za mlima Kitonga mkoani Iringa, gari linapohamisha uzito kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Dhana: Rekebisho la "mwendo mdogo" ni la mjini, la "mwendo mkubwa" ni la safari

Shokapu za bei kubwa zina marekebisho hayo mawili, na kasi inayotajwa ni ya pistoni, si ya gari. Ukiwa kilomita 100 kwa saa kwenye kona laini, pistoni inatembea taratibu. Ukiwa kilomita 20 na gurudumu likaangukia shimo, pistoni inaruka kwa kasi kubwa.

Dhana: Hesabu kliki kuanzia laini

Fuata kitabu cha aliyeitengeneza. Shokapu za Tein, ambazo nyingi za barabarani zina hatua 16, zinahesabiwa kuanzia ngumu kabisa: zungusha kwa vidole kuelekea ngumu hadi kinobu kisimame chenyewe, hiyo ni sifuri, kisha rudi nyuma ukihesabu. Usitumie plaizi, ndani kuna sindano nyembamba inayoharibika. Kulia na kushoto ziwe sawa.

Kabla ya yote jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, tairi zikiwa baridi. Anza upande wa laini, pita barabara ileile unayoijua, kaza kliki mbili mbele peke yake au nyuma peke yake, pita tena. Gari likivuka tuta na kutulia mara moja bila kuendelea kunesa, umefika. Ukizidisha hapo unatafuta ugumu tu.

Dhana: Shokapu iliyochoka inaokolewa kwa kukazwa

Hii ina chembe ya ukweli. Koni za zamani ziliwekewa rekebisho ili kufidia uchakavu pia. Lakini shokapu inayovuja mafuta haina cha kukazwa, ibadilishwe, na ibadilishwe pamoja na mwenzake wa upande wa pili. Kulibonyeza gari kwa mikono kwenye bampa hakutoshi kuipima: kunaonyesha iliyokufa kabisa, iliyo nusu inapita.

Dhana: Kufunga ni kufunga tu

Hapana. Boliti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira unabaki umejipinda na unachanika mapema. Nati ya juu isipigwe kwa mashine ya upepo, kwa sababu fimbo ya ndani inazunguka nayo. Na fundi akiibana fimbo hiyo kwa plaizi ili isizunguke, mkatalie hapohapo: mkwaruzo mmoja kwenye kromu unakata sili kila inapopanda na kushuka, na shokapu mpya inaanza kuvuja.