Kocha wa uingizaji sauti ni nani, na aliyefuzu unamtambuaje

Uingizaji sauti, au voisova kama wengi wanavyoiita studioni, ni kazi ya kusema maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine mpaka msikilizaji aamini yanatoka moyoni mwako. Tangazo la redio, simulizi ya filamu ya wanyamapori, kitabu cha kusikiliza, katuni, somo la mtandaoni, ile sauti inayokuambia ubonyeze moja unapopiga simu ya huduma kwa wateja: yote hayo ni voisova. Kocha wake ni mtu anayekusikiliza ukisoma skripti, anang'amua kinachomfanya msikilizaji asikuamini, anakupa njia ya kukirekebisha, kisha anakusimamia mpaka uweze kukirekebisha bila yeye.

Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi, nami nakiona ndicho kizito kuliko vyote.

Jina la kocha huchanganywa na mengine. Mwalimu wa kuimba hushughulika na pumzi, noti na upana wa sauti. Mtaalamu wa tiba ya usemi ni wa mwenye kigugumizi, au mtu ambaye sauti imemkauka kwa wiki kadhaa na hairudi. Huyo aanze kwa daktari, asikimbilie darasani. Mhandisi wa sauti anajua kwa nini chumba chako kinatoa mwangwi na kwa nini herufi "p" inapiga maikrofoni kama kofi. Kocha wa voisova anachota kidogo kwa kila mmoja wao, lakini shamba lake ni usomaji.

Chukua sentensi fupi ya tangazo la mashine ya kufulia: "Leo mama anapumzika." Mwanafunzi anaisoma kwa sauti nzito ya kupanda na kushuka, kama mshereheshaji anayekaribisha wageni. Kocha wa kubahatisha atamwambia, "Weka hisia zaidi." Mwanafunzi ataongeza kelele, maana hajaambiwa kitu cha kufanya. Kocha anayeijua kazi atauliza, "Unamwambia nani?" Tuseme ni mdogo wako, aliyezoea kumwona mama akiinamia beseni. "Haya, amekuuliza mama anafanya nini. Mjibu." Uzito unatua kwenye "anapumzika", na sauti yenyewe inashuka hadi kimo cha mazungumzo. "Sasa amekuuliza leo ni zamu ya nani kupumzika." Uzito unahamia kwa "mama". "Sasa amekuuliza mama atapumzika lini." Unakwenda kwenye "leo". Maneno ni yaleyale matatu, na hakuna aliyemwambia mwanafunzi apandishe au ashushe chochote. Anarudi nyumbani na kitu cha kushika mkononi: kabla ya kila mstari, tafuta swali linalojibiwa na mstari huo.

Ukitoka kwenye kipindi huna kitu kama hicho, umelipia mazungumzo.

Je, kufuzu maana yake nini hapa? Daktari ana leseni na wakili ana uwakili. Kocha wa voisova hana leseni moja inayotambulika dunia nzima. Yeyote mwenye maikrofoni anaweza kujiita kocha kesho asubuhi. Cheti ukutani si ushahidi mkubwa, na sauti nzuri pia si ushahidi. Hapo ndipo wengi wanapotea. Wanamfuata mtu kwa sababu sauti yake inatetemesha spika, ilhali wanachokwenda kununua kwake ni masikio. Mtu anaweza kuwa msomaji hodari kwa kipaji tu, asijue anachokifanya, na kwa hiyo asiweze kumweleza mwingine. Ombeni kusikiliza kazi za wanafunzi wake. Wakisikika wote kama yeye, anazalisha nakala. Wakisikika kila mmoja kivyake, na kila mmoja anaeleweka, hapo pana mwalimu.

Jambo la pili ni aina ya kazi. Tangazo la sekunde 30 na kitabu cha kusikiliza ni mbio mbili tofauti, kama mita 100 na marathoni. Kitabu cha Kiingereza chenye maneno 90,000 hivi hufikia karibu saa 10 za kusikiliza, na kila saa iliyokamilika humla msomaji saa mbili au zaidi mbele ya maikrofoni, achilia mbali uhariri. Huko kocha anapaswa kukufundisha namna ya kutunza pumzi, kukumbuka sauti ya mhusika uliyemwacha sura ya tatu akarudi sura ya kumi na tisa, na kusoma ukurasa wa 300 kwa nguvu ileile ya ukurasa wa kwanza. Michezo ya video ina lake: mayowe ya vitani huumiza nyuzi za sauti, na kocha wa fani hiyo lazima ajue kukufundisha kupiga yowe bila kujichana koo, na kwamba mistari ya kupiga kelele huwekwa mwishoni mwa kurekodi. Kwa hiyo usiulize tu kama ana uzoefu. Uliza uzoefu wa nini, na wa lini, kwa kuwa mtindo wa matangazo umebadilika. Ile sauti ya kutangaza kwa kishindo imewapisha kwa kiasi kikubwa watu wanaosema kama wanazungumza na rafiki.

Halafu kuna lugha, nami hapa siwezi kupita haraka. Ukitaka kazi za Kiswahili, kocha wako awe na sikio la Kiswahili. Mkazo wetu kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na ndivyo ilivyo katika "barabara" ya kupitia magari. Lakini mtu akisema kazi imefanyika barabara, yaani sawasawa, mkazo unarudi nyuma kwenye "ra" ya kwanza. Msomaji akikosea, sentensi inageuka. Vivyo hivyo kwa anayesoma "thamani ya nyumba yako" ikasikika "samani ya nyumba yako": mwenye tangazo alitaka kuzungumzia bei ya jengo, wewe umemuuzia makochi. Au "kura" ikawa "kula". Kocha ambaye makosa haya yanampita masikioni hawezi kukufikisha mbali, hata kama amewafundisha watu maarufu katika lugha nyingine.

Sasa demo. Demo ni kipande kifupi, kwa kawaida kati ya sekunde 60 na 90, kinachoonyesha unachoweza. Inauma kuona inavyotumika kuwakamua wanaoanza. Unapewa vipindi vichache, demo na ahadi ya kazi, vyote katika kifurushi kimoja, na pesa zote mbele. Niliwahi kukaa studioni na kijana aliyeitwa kwa sababu ya demo nzuri sana. Mwongozaji alimwomba asome kama kwenye ile demo. Alijaribu mara tano, sita, kumi na kitu. Demo ile ilishonwa na prodyuza kutoka vipande vingi, na aliyemfundisha alimwambia mapema kwamba yuko tayari. Kijana alitoka macho yakiwa chini, na mteja yule hakumpigia tena. Kocha mwaminifu angemwambia "bado". Neno hilo linamnyima kocha malipo ya siku hiyo, ndiyo maana ukilisikia kwake unapaswa kumwamini zaidi.

Kazi, kwa kweli, hakuna kocha anayeweza kukuhakikishia. Anaweza kukutambulisha kwa watu na kukueleza bei zinavyopangwa. Siku hizi pia awe na la kukuambia kuhusu mikataba, hasa kifungu kinachomruhusu mteja kutumia rekodi zako kuunda sauti ya bandia kwa akili mnemba. Nchini Marekani, waigizaji wa michezo ya video waligoma kuanzia Julai 2024 kwa sababu ya suala hilo. Anayekulea kikazi asikuache utie saini bila kukijua.

Kabla ya kulipia mfululizo mzima, omba kipindi kimoja cha majaribio. Siku moja kabla yake, rekodi aya moja ukiwa peke yako na uihifadhi. Siku mbili baada yake, rekodi aya ileile, kocha hayupo na maelezo hayako mbele yako. Mpe mtu asiyejua ipi ni ipi azisikilize zote mbili. Asiposikia tofauti, mpelekee kocha rekodi hizo na umuulize kwa nini. Kisha msikilize kwa makini anavyokujibu.