Wanaolala topeni: planktoni, sumu na maji yetu ya kunywa

Swali: Nasikia chini ya bahari ya Aktiki kuna viumbe wadogo waliolala kwenye tope. Ni viumbe gani?

Ni planktoni, yaani viumbe wanaoelea majini, wasioonekana kwa macho matupu, jamii ya dinoflajelata. Hali ikiwaendea vibaya, baadhi yao hujifunika ganda gumu, wakazama na kulala topeni. Ganda hilo na kilichomo huitwa sisti. Katika Bahari ya Chukchi, kaskazini ya Alaska, watafiti wamekuta sisti nyingi mno za Alexandrium catenella. Baridi ndiyo inayozizuia kuamka. Maji ya chini yakipata joto, kiumbe hutoka na kuanza kuzaana. Kwenye tope la fiodi (ghuba ndefu nyembamba) moja ya Sweden, sisti za jamaa zao ziliamshwa baada ya takriban miaka 100!

Swali: Humdhuru mtu vipi?

Kwa saksitoksini, sumu wanayoitengeneza. Kome huchuja maji na sumu hujikusanya mwilini mwake. Mlaji hufa ganzi midomo na ulimi. Ikizidi, misuli ya kupumua hupooza. Kupika hakuiondoi.

Swali: Sisi wa Ggaba, Kampala, kando ya Ziwa Viktoria, hatuna bahari. Yanatuhusu nini?

Yanatuhusu sana. Ziwa Viktoria lina sianobakteria, bakteria wale wanaotanda juu ya maji kama rangi ya kijani iliyomwagika. Nao hulala: Dolichospermum hutengeneza seli za akiba ziitwazo akineti, na Microcystis huzama topeni kwa makundi. Ghuba ya Murchison, sehemu ya ziwa iliyo Ggaba, hupokea maji machafu ya Kampala kupitia mfereji wa Nakivubo, na uchafu huo ndio unaowalisha wakiamka. Microcystis hutoa maikrosistini, sumu ya ini. Mwaka 1996, mjini Caruaru, Brazil, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walifariki baada ya kusafishwa damu kwa maji yenye sumu hiyo.

Swali: Mama huchemsha maji ya ziwa. Haitoshi?

Aendelee kuchemsha, maana kipindupindu na taifodi vipo. Lakini maikrosistini haiharibiwi na moto wa jikoni. Seli zikichemka hupasuka, na sumu iliyokuwa ndani huingia kwenye maji ya sufuria. Kuchuja kwa kitambaa hushika utando tu. Sumu iliyokwisha kuyeyuka hupita. Kwa hiyo jerikani isijazwe palipotanda kijani, hata kama bomba liko mbali. Watoto wasiogelee hapo, mbuzi wasinyweshwe hapo. Samaki wa hapo atolewe matumbo yote, ini likiwemo, aoshwe kwa maji safi.

Swali: Niende hospitali lini?

Ukitapika, ukiharisha, ukitokwa na upele baada ya kuoga ziwani, au macho yakiwa ya manjano. Mwambie mhudumu kwamba maji yalikuwa ya kijani. Usiposema, ni rahisi adhani ni malaria au taifodi.