Mnanaa ni nini, na ule ubaridi wake unatoka wapi?

Chuma jani moja la mnanaa, lisugue kati ya vidole, kisha linuse. Harufu itakufikia kabla hujalipeleka puani. Harufu hiyo ndiyo dawa yenyewe, na ukiielewa umeuelewa mmea mzima.

Mnanaa ni jina la kundi la mimea mifupi yenye shina la pembe nne (ukilisokota kwa vidole utazihisi) na majani yanayoota mawili mawili, moja likielekeana na jingine. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na mmea ni wa ukoo mmoja na mrehani. Tazama upande wa chini wa jani kwa kioo cha kukuzia, utaona vidoti vinavyong'aa. Hivyo ni vifuko vya mafuta. Unapolisugua jani vinapasuka, na mafuta yanapaa hewani.

Wengi hudhani mnanaa ni wa aina moja, na sivyo. Uitwao kitaalamu Mentha spicata una harufu tamu na nyepesi inayotokana na kemikali iitwayo kavoni, na mentholi yake, yaani kemikali inayoleta ubaridi, ni kidogo sana. Mentha piperita ni chotara wa huo na mnanaa wa majini. Mara nyingi mentholi huwa theluthi moja hadi nusu ya mafuta yake. Huu wa pili ndio wenye ubaridi mkali, na ndio uliochunguzwa zaidi kwa upande wa tiba. Kwa hiyo ukiambiwa "mnanaa ni dawa", uliza ni upi.

Sasa huo ubaridi. Mnanaa haupoozi kitu. Kwenye mishipa ya fahamu kuna kipokezi kiitwacho TRPM8, ambacho kazi yake ni kuupasha ubongo habari kwamba pana baridi. Kwa kawaida huamka joto linaposhuka chini ya nyuzi 26 hivi za Selsiasi. Mentholi hukiamsha ingawa joto halijashuka hata kidogo, kama vile pilipili inavyoufanya ulimi uhisi unaungua na hakuna moto. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 2002. Wanasayansi David Julius na Ardem Patapoutian, waliokichunguza kila mmoja kwa upande wake, walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2021 kwa kueleza jinsi mwili unavyohisi joto na mguso.

Ndiyo maana mwenye mafua akivuta mvuke wa mnanaa hujiona amezibuka pua. Vipimo vya hewa inayopita puani huonyesha kwamba njia haijapanuka. Kilichobadilika ni hisia. Mimi siidharau nafuu hiyo hata kidogo. Aliyekesha akihema kwa mdomo anajua thamani yake. Lakini kifua kinachobana au homa isiyoshuka havitaki mvuke, vinataka daktari.

Kwenye tumbo ndiko mnanaa unakostahili sifa zake. Watu wameuthamini tangu kale, hata Injili ya Mathayo, 23:23, inautaja miongoni mwa mimea iliyotolewa zaka. Matumizi yake ya jadi yanajulikana: gesi, kichefuchefu, msokoto wa tumbo, harufu ya kinywa. Msokoto hutokea misuli ya ukuta wa utumbo inapokaza, na misuli hiyo hukaza kalsiamu inapoingia ndani ya seli zake. Mentholi huuziba mlango inamopitia kalsiamu hiyo, misuli inalegea, maumivu yanapungua. Wenye utumbo unaosumbuliwa na mikazo ya mara kwa mara hupewa mafuta ya mnanaa katika vidonge vyenye ganda lisiloyeyuka mpaka vifike utumboni. Ushahidi mzito unahusu vidonge hivyo. Chai ni laini zaidi, na usiitarajie kufanya kazi ileile.

Ganda hilo lina sababu. Mentholi ikiachiliwa mapema hulegeza pia msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo, na asidi hupanda. Mwenye kiungulia anaweza kunywa mnanaa akitafuta nafuu, akazidisha moto. Mafuta halisi nayo yamekolezwa mno. Usiyanywe hivi hivi. Na tafadhali, usimpake mtoto mchanga usoni wala puani kitu chenye mentholi: koo lake linaweza kujibana, pumzi ikakatika.

Kwa chai, majani machache mabichi yanatosha. Yaponde kidogo, yamwagie maji yaliyochemka, ufunike kikombe dakika tano hadi kumi. Usiyaache yatokote jikoni, maana mafuta huondoka na mvuke, ukabaki na maji ya kijani tu. Ukifunua, tazama chini ya kifuniko: matone yaliyoning'inia pale yananukia mnanaa. Yakung'utie kikombeni.