Nyota nne za rangi ya njano

Nilipofika Msimbati, pwani ya Mtwara, kibao kilikuwa kimeshasimama: jina la kambi, na chini yake nyota nne za rangi ya njano. Nikamuuliza mzee mwenye kambi nani kampa nyota hizo.

"Fundi," akasema. "Nafasi ilibaki, akaniuliza tuweke nini."

Kazi yangu ni kuwaandalia watu wa Lindi na Mtwara makaratasi ya biashara ya kulaza wageni, na wengi huanzia mkiani. Nyota huja mwisho. Swali la kwanza ni dogo tu: mgeni analala kwenye hema la nani?

Akija na hema lake, wewe unamkodishia kiwanja, maji na choo. Hiyo ndiyo kempsaiti. Akikuta hema lako limesimama, kitanda kimetandikwa na bafu limo ndani, hiyo ni kambi ya mahema, na machoni pa mkaguzi ni ndugu ya loji. Vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, vinavyotumika kutoa nyota 1 hadi 5, vina sehemu ya kambi za mahema kama vilivyo na sehemu za hoteli na loji. Kuna mambo ya lazima na kuna ya alama. Ukikosa la lazima, usitegemee zulia zuri likuokoe.

Kwenye hifadhi za taifa mgawanyo ni mwingine. Ukienda Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019 na kugusa Liwale kwa upande wetu, utasikia kambi za umma na kambi maalumu. Ya umma ina choo, bafu na mahali pa kupikia, mnatumia pamoja na wageni wengine. Maalumu haina kitu, ila mkishaiweka nafasi ni yenu peke yenu, na bei yake iko juu zaidi. Kila nikieleza hili watu hucheka: pori tupu ghali kuliko penye choo! Lakini mgeni ananunua kukaa peke yake, na hilo lina bei.

Ufaransa hata uwanja wa kuja na hema lako hupewa nyota, 1 hadi 5. Mwenye uwanja huomba kwa hiari yake, nyota zikadumu miaka 5, kisha anakaguliwa upya. Zaidi ya hapo, uwanja wenye nafasi nyingi za wapita njia huandikwa aina moja, na ule ambao zaidi ya nusu ya nafasi zake zimekodishwa muda mrefu huandikwa nyingine. Nalipenda hilo. Msafiri anajua mapema kama atakuta wasafiri wenzake au mtaa wa watu waliohamia.

Leseni sasa. Sheria ya Utalii ya 2008 inataka biashara ya utalii iwe na leseni yake, nje ya ile leseni ya kawaida ya biashara. Kabla yake kuna TIN (namba ya mlipakodi), muhtasari wa kijiji kuhusu ardhi, bwana afya, zimamoto. Msimbati kuna la ziada: eneo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000, kwa hiyo usichimbe hata shimo kabla ya kuonana na mhifadhi.

Kinachowaumiza wengi ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka ufukweni. Hema la kukunja asubuhi ni jambo moja, banda la zege ni jingine. Futi kamba yangu ni ya mita 50, kwa hiyo tuliunga kamba ya nailoni. Nikaanza kupima kwenye mstari wa mwani mkavu. Mzee akanishika mkono.

"Mwanangu, hapo ni maji ya jana. Bamvua linafika kule," akaonyesha mvinje wenye mizizi nje, hatua kumi na tano juu zaidi.

Alijua fika kwamba anajipunja mwenyewe. Tukapima upya kutoka kwenye mvinje. Jiko lilisalimika kwa mita tatu. Choo hakikusalimika, na tena kilikuwa hatua chache tu kutoka kisimani. Kwa choo na kisima mimi hushika mita 30, kipimo cha miongozo ya Sphere ya misaada ya dharura, inayotaka pia kitako cha shimo kibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kwenye mchanga wetu maji yako karibu mno, hivyo nilimshauri choo cha kuinuliwa juu ya ardhi, chenye ngazi. Hakufurahi. Ngazi, alisema, zitamfanya mgeni aonekane na kijiji kizima akienda haja.

Tukakubaliana wigo wa makuti, upande wa chini ya upepo, mbali na moto wa jiko.

Nilirudi wakati wa kusi. Choo kimehama, kina ngazi nne na wigo. Kibao kimepakwa chokaa, ingawa nyota bado zinaonekana kwa mbali jua likikipiga. Juu yake pameandikwa: NJOO NA HEMA LAKO. MAJI YAPO. CHOO KIPO.